Rubani mgeni Arusha: unaangalia nini kabla ya kutua kiwanja ambacho hujawahi kukikanyaga?

#1 KijanaWaKipawa
Wakuu salaam. Nina leseni ya rubani wa biashara tangu mwaka jana, saa 260 kwenye kitabu, na karibu zote nimezirukia Dar, Zanzibar, Mafia na Pemba. Kwa kifupi mimi ni rubani wa minazi. Wiki ijayo nimepewa Cessna 206 niipeleke Arusha, Kisongo, nikaiache kwa fundi. Peke yangu. Sijawahi kutua pale hata kama abiria.

AIP (kitabu rasmi cha taarifa za viwanja) nimesoma, ramani nimechapisha, notamu (matangazo ya mabadiliko ya viwanja) nitazitoa asubuhi ya safari. Ninachotafuta ni yale yasiyoandikwa. Kila ninayemuuliza ananiambia "Arusha kuwa makini". Nikiuliza makini na nini, "utaona". Sasa mimi sitaki kuja kuona nikiwa nimebakiza futi 500.

Na la pili: ile Boeing 767 ya Ethiopian iliyotua Kisongo Desemba 2013 badala ya KIA (uwanja mkubwa wa Kilimanjaro), ilikuwaje haswa? Kama waliokuwa na kila mtambo walikosea, mimi na kidege changu nitaponea wapi?

#2 Msemakweli2
Ngoja waje wajuzi. Nimeshavuta kigoda.

#3 BabaPori
Karibu bara, kijana. Kwanza macho yako ya pwani yaache Kipawa, kwenye uwanja wa Dar. Kisongo ni futi 4,550 juu ya usawa wa bahari, na hiyo ni kabla ya joto.

Piga hesabu mwenyewe. Kwa kimo kile, joto la kawaida la kitabuni ni kama nyuzi 6. Mchana wa jua kali ni nyuzi 28. Umezidi 22. Kila nyuzi iliyozidi weka futi 120, unapata 2,640. Jumlisha na 4,550, inakuja 7,190. Hapo ndipo injini na mabawa vinapodhani vipo, hata kama wewe chini unaona mahindi na ng'ombe.

Kutua utatua tu. Shughuli iko kwenye kuondoka, na wewe ndege unaiacha kwa fundi. Una bahati.

#4 MpembaAsili
Baba hapo umemtisha bure mtoto wa watu. Kutua hakubadiliki. Kasi ya fainali (kipande cha mwisho kabla ya kugusa lami) ni ile ile ya kitabu, awe Pemba awe Arusha. Ashike namba yake, ashuke, basi.

#5 DadaMbawa
Kaka #4, nusu umepatia. Kasi ya kwenye saa (kipimo cha kasi ndani ya ndege) ni ile ile. Kasi ya ardhi ndiyo inabadilika, kwa wastani asilimia 2 kila futi 1,000. Kwa hiyo futi 7,190 za BabaPori ni asilimia 14 hivi. Noti 70 (maili za angani kwa saa) za kwenye kipimo ni noti 80 za ardhini. Na breki hazilipi kwa mstari ulionyooka: kwenye mraba wa kasi hiyo ni kama asilimia 30 ya nishati ya ziada ambayo breki zinapaswa kuimaliza.

Ila urefu wa kusimama haukunitisha siku yangu ya kwanza. Kilichonitisha ni macho. Ardhi inakimbia dirishani kuliko ulivyozoea, mwili unakwambia "una kasi sana", mkono unaenda wenyewe kupunguza nguvu. Unaangalia saa, tayari uko chini ya kasi ya fainali. Mwalimu aliyekuwa kulia kwangu hakusema neno, aligonga kioo cha saa ya kasi kwa kucha. Tk, tk. Mpaka leo nikiingia kiwanja cha juu naisikia ile kucha.

#6 MpembaAsili
Nimekubali, yaishe. Lakini nusu niliyopatia muiandike pia.

#7 FundiSpana
Mie si rubani, nashika spana tu. Nyie watu wa pwani mnatuletea kazi ya bure. Dar mnaruka mchanganyiko wa mafuta ukiwa umejaa mpaka mwisho, na ni sawa, mko usawa wa bahari. Mkija huku mnatua hivyo hivyo, mnaegesha hivyo hivyo, kesho asubuhi mnapima magneto (mtambo wa cheche za plagi), injini inakohoa. Simu kwa fundi: "Magneto ya kushoto imekufa."

Kuna mmoja nilimfungulia plagi mbele ya macho yake. Masizi meusi tii, kama chungu cha kuni. Nikazisafisha, nikamwambia washa, vuta ile nobu nyekundu ya kupunguza mafuta kidogo kidogo mpaka injini itulie. Ikatulia. Akaniuliza anidai shilingi ngapi.

#8 Msemakweli2
"Anidai" tena? 😂 Fundi alipaswa kulipwa au kulipa?

#9 FundiSpana
Nimdai. Vidole vina grisi, nisamehe.

#10 MzeeMnara
Shikamoo zenu nimezipokea kabla hamjatoa.

Nilikaa mnarani miaka mingi, wapi sitasema. Rubani mgeni nilikuwa namjua kwa sauti kabla sijaiona ndege. Anaita vizuri, maana sentensi ya kwanza ameifanyia mazoezi njiani. Ukimjibu, kimya. Karatasi zinasikika. Halafu anarudia namba ya njia ya kutulia, QNH (kipimo cha hewa cha kuwekea altimeta) harudii.

Kijana, kuna maneno matatu yatakusaidia kuliko ramani zako zote: "Mimi mgeni hapa." Yaseme unapoita mara ya kwanza. Nikiyasikia nakutenganisha na Caravan (ndege ndogo ya abiria) inayokufuata, na maelekezo nakupa kwa vitu unavyoviona: barabara ya lami, mji, mlima. Usiposema nakuhesabu na wale wanaoingia mara nne kwa siku. Nitakutajia kilima ambacho hata jina lake hulijui, utasema "nimekiona" kwa aibu, na mimi nitakuamini.

Aibu hiyo ndiyo hatari. Nimewaona wakubwa kwa wadogo.

#11 KijanaWaKipawa
Shikamoo mzee. Hilo la aibu limenigusa, nimeshawahi kusema "nimeiona" nikiwa sijaona kitu, tena Zanzibar ninakopajua. Nimepanga kuondoka Dar saa 12 asubuhi. Umbali ni kama maili 260 za angani, kwa 206 saa mbili hivi. Nifike saa mbili na kitu hewa ikiwa bado baridi. Nimepatia?

#12 BabaPori
Umepatia. Asubuhi ndiyo saa ya Arusha. Baada ya saa sita Meru inavaa kofia ya mawingu, hewa inaanza kurusha, na joto nimeshakupigia.

#13 MzeeMnara
Hajapatia. Saa moja mpaka saa tatu ndiyo Caravan zote zinatoka na watalii kwenda Serengeti. Redio inajaa kama soko la Kilombero. Mgeni hapo kati kati anafanya nini? Aje saa nne, kumetulia, joto bado halijapanda.

#14 DadaMbawa
Mzee na Baba wote wamesahau jua. Upepo wa kule mara nyingi unatoka mashariki, kwa hiyo atapewa njia 09 (namba ni mwelekeo wa dira: nyuzi 90, mashariki). Saa mbili asubuhi njia 09 jua liko usoni moja kwa moja, na kioo cha 206 chenye mikwaruzo kinageuka maziwa. Mimi niko na mzee, saa nne. Na miwani iwe shingoni, isiwe kwenye begi la nyuma.

#15 BabaPori
Miaka yote nimetua na jua usoni, bado niko hapa naandika.

#16 Msemakweli2
Hata anayevuka Morogoro Road bila kuangalia yuko hai, mpaka siku atakapokuwa hayuko.

#17 Kamau_Langata
Wadau wa Bongo, hamjambo. Huku Nairobi tuna shida hiyo hiyo. Wilson na JKIA (uwanja mkubwa wa kimataifa) ni majirani kabisa. JKIA ni 06/24, na Wilson mbali na 14/32 tuko na 07/25. Zimelala karibu sambamba. Mgeni akitoka kwa mawingu akaona lami mbele yake, roho inamwambia ni yenyewe. Tofauti unaijua kwa ukubwa, na kwa mbuga: Wilson ukikosea kidogo kusini unasalimia simba.

Lakini kwangu mimi hatari ya kiwanja kigeni si lami, ni watu wengine hewani. Machi 2024 Dash 8 iliyokuwa imetoka Wilson iligongana na Cessna 172 ya mafunzo juu ya mbuga. Wawili waliokuwa kwa Cessna wakafa, Dash 8 ikarudi ikatua salama. Na hao hawakuwa wageni, ni watu wa hapa. Sasa wewe mgeni ambaye macho yako yako kwa ramani? Ramani uisome kwa hoteli, ndani ya ndege uangalie nje.

#18 KijanaWaKipawa
Asante Kamau. Nimeandika.

Turudi kwa 767. Mbona mnanikwepa?

#19 Msemakweli2
Mafuta yaliisha. Nilimsikia jamaa anayefanya kazi pale.

#20 MzeeMnara
Kila ndege ikifanya jambo Tanzania kuna jamaa anayefanya kazi pale.

Yanayojulikana ni haya. Desemba 18, 2013, Boeing 767 kutoka Addis Ababa ilikuwa inakwenda KIA. Taarifa za wakati ule zilisema kulikuwa na ndege ndogo imekwama kwenye njia ya KIA, hivyo wakatakiwa kusubiri. Wakatua Kisongo. Njia ya KIA inazidi mita 3,600. Ya Kisongo wakati ule ilikuwa kama mita 1,600. Dude likasimama mwishoni kabisa, likajaribu kugeuka, magurudumu yakaingia kwenye majani. Hakuumia mtu. Ngazi za kufikia mlango mrefu vile hazikuwepo, abiria wakakaa ndani kwa saa kadhaa.

Kwa nini, hapo kila mtu ana lake.

#21 DadaMbawa
Langu ni hili: njia zote mbili ni 09/27. Mwelekeo ule ule, ndege imeshapangwa kwa mwelekeo huo, dira inakubali. Ukitarajia kuona lami mbele yako na dira ikakwambia ndiyo, ubongo unafunga mjadala. Sisi tunaita kuona unachotaka kuona.

#22 BabaPori
Nakataa. Dira inakubali sawa, na kimo je? KIA ni futi 2,932. Kisongo ni 4,550. Tofauti futi 1,618! Altimeta ya redio kwenye 767 inasoma ardhi yenyewe, haisomi karatasi. Ardhi ilikuja mapema kwa futi 1,600 na wawili wale wasishangae? Na kama walikuwa wamefungua DME ya KIA (mtambo wa kupima umbali) ilikuwa inawaambia bado maili 26. Hapo kuna zaidi ya macho. Kuna haraka. Mtu aliyeambiwa subiri, mara anaiona njia iko wazi, anasema "kumbe imefunguka".

#23 Kamau_Langata
Ama mnara wangesema mapema "wewe hauko hapa kwangu".

#24 MzeeMnara
Kamau, mwanangu, mnara wa KIA uko kilomita karibu 50 kutoka Kisongo. Mtu akiwa kilomita 50 unamwona kwa imani tu. Usitubebeshe.

#25 DadaMbawa
Na wasichekwe Waethiopia peke yao. Ilikuwa msimu. Novemba 20 mwaka huo huo, 747 ya mizigo ilitua usiku kiwanja cha Jabara pale Wichita, Kansas, badala ya kambi ya jeshi la anga ya McConnell. Januari 12, 2014, Boeing 737 ya Southwest iliyokuwa inakwenda Branson, Missouri, ikatua kiwanja kidogo cha jirani chenye njia ya futi 3,738. Miezi miwili, ndege kubwa tatu, viwanja visivyo vyake. Na zile mbili za Marekani zilikuwa usiku, taa za kiwanja kidogo zikawaita kama kibatari kinavyoita kumbikumbi. Ya Arusha ilikuwa mchana kweupe. Ndiyo maana hoja ya BabaPori ya haraka siitupi, lakini siimezi yote.

#26 MhayaHalisi
Na mimi niseme kama abiria. Mwaka jana jamaa yangu wa Ulaya alikata tiketi yenye neno "Arusha", teksi ikampeleka KIA. Ndege yake ikaondoka Kisongo bila yeye. Kwa hiyo kosa hilo hata waliokaa chini wanalifanya 😀

#27 Msemakweli2
Na hiyo teksi alilipa kwenda na kurudi. Rubani wa 767 angalau hakulipia nauli mara mbili.

#28 KijanaWaKipawa
Sasa mimi natokea kusini mashariki. Usambara na Pare nitaziacha kulia. Nitakayoiona kwanza si ni KIA? Naweza kulifanya kosa lile kinyume chake, nikatua KIA nikidhani Kisongo.

#29 BabaPori
Hapo sasa umeanza kufikiri kama rubani. Ndiyo, KIA utaiona kwanza, ndefu, nyeupe, peke yake kwenye uwanda. Inavutia. Kisongo inajificha magharibi ya mji, kando ya barabara ya Dodoma, ardhi yake imepanda.

Kipimo changu: ukiwa kwenye kimo cha mzunguko wa Kisongo, tuseme futi 5,550, lami ikiwa futi 1,000 chini yako uko sawa. Ukiona lami iko mbali sana chini, zaidi ya futi 2,500, hiyo ni KIA, endelea magharibi. Usiulize dira, dira za huko zinakubali kila kitu.

#30 MpembaAsili
Nakazia kwa upande wa macho. Upana wa njia nao unadanganya. Njia nyembamba inakufanya udhani uko juu sana, unashuka chini kuliko inavyotakiwa. Njia inayopanda nayo vivyo hivyo. Njia pana inakudanganya uko chini, unavuta pua mapema na ndege inadondoka kama embe. Mtu akitoka kwenye lami pana ya kwao akaenda kijiji chenye njia nyembamba iliyopanda mlima, anadanganywa mara mbili kwa wakati mmoja. Dawa: kama kuna taa za PAPI (za kuonyesha mteremko sahihi), mbili nyekundu mbili nyeupe, ziamini hizo. Kama hazipo, futi 300 kwa kila maili ya angani, kwa vipimo vya ndege, si kwa jicho.

#31 DadaMbawa
Kaka leo nusu zote mbili umepatia.

#32 BirereMuzuri
Jambo bandugu. Mimi ni wa Goma. Ninyi munaongea habari ya njia mbili kufanana, sisi kwetu njia moja ilibadilika yenyewe. Mwezi wa kwanza 2002 Nyiragongo ililipuka, lava ikashuka mpaka kiwanjani, ikafunika upande wa kaskazini. Karibu theluthi ya njia ikapotea. Ramani ya zamani ilikuwa inasema ndefu, ardhi inasema fupi. Miaka mingi ndege zilitua hivyo hivyo na lile jiwe jeusi mbele. Tarehe 15/4/2008 DC-9 moja ilishindwa kuruka, ikapita mwisho wa njia ikaingia Birere, mtaa wa soko, batu bengi walikufa. Mimi nilikuwa mutoto, moshi niliuona kutoka nyumbani.

Ndiyo maana mutu akiniambia "nimesoma ramani" ninamuuliza, ya mwaka gani?

#33 KijanaWaKipawa
Pole sana ndugu. Umenifanya nirudi kwenye makaratasi. Ramani yangu moja niliipata kwa rafiki, nimeangalia pembeni: ya 2015. Nimeichana.

#34 MzeeMnara
Vizuri. Hata zile mita 1,600 nilizoandika #20 ni za 2013, usije ukazipigia hesabu zako. Viwanja vya mikoani vinarefushwa, vinafungwa nusu kwa ukarabati, vinabadilishiwa masafa ya redio. AIP ya sasa na notamu za siku hiyo. Na simu. Piga simu kiwanjani siku moja kabla. Hiyo haimo kwenye silabasi.

#35 FundiSpana
Kwenye hiyo simu uliza mafuta pia. Jeti A-1 utaikuta kila mahali, Caravan zinaichoma. Avgasi (petroli ya ndege) ya 206 ni habari nyingine. Namjua aliyekwama kiwanja kimoja cha kusini siku tatu akisubiri pipa lije kwa lori. Siku ya pili alishazoeana na mama ntilie mpaka anakula kwa mkopo. Pipa lilipofika akakuta limeandikwa kwa chaki tu. Nilimwambia kwa simu asitie tone mpaka achote kwenye chupa ya kioo: avgasi 100LL ina rangi ya bluu na inakauka kidoleni upesi, mafuta ya jeti hayana rangi hiyo na yanateleza kama mafuta ya taa. Ilikuwa jeti. Angeruka, injini ya pistoni ingezima juu ya miti.

#36 Msemakweli2
Kwa hiyo chaki ya mtu ingemuua. Mungu wangu.

#37 MhayaHalisi
Mimi kwetu Bukoba, na mnajua ninachotaka kusema. Novemba 6, 2022, ATR iliingia ziwani asubuhi, watu 43, tukapoteza 19. Wavuvi ndio walifika kwanza na mitumbwi. Tangu siku ile nikipanda ndege ya kwenda nyumbani naomba siti ya nyuma karibu na mlango. Naomba wajuzi mtueleze, ile njia iliyo kando ya maji rubani anaikabilije?

#38 DadaMbawa
Pole ndugu yangu. Ya uchunguzi niyaache yalipo, nizungumzie ziwa tu maana nimeingia Bukoba na Mwanza.

Ziwa Viktoria linafanya hali yake yenyewe. Usiku nchi kavu inapoa, upepo wa nchi kavu kutoka pande zote unakutana katikati ya ziwa, hewa inapanda, ngurumo zinazaliwa pale usiku na alfajiri. Pepo za mashariki zinazisukuma kuja upande wa magharibi, yaani kwenu. Kwa hiyo kanuni ya BabaPori "asubuhi ndiyo saa nzuri" ni ya Arusha. Ukiibeba ukaenda nayo Bukoba itakugeuka. Rubani wa bara anayefika kule mara ya kwanza anashangaa: saa mbili asubuhi, na mbele ukuta mweusi wa mvua umesimama juu ya maji.

Na maji hayana alama. Mvua juu ya ziwa, kijivu juu kijivu chini, jicho halina pa kushika kimo.

#39 BabaPori
Nakubali, kanuni yangu ni ya nchi kavu. Mimi ningeongeza moja: mafuta ya kurudi Mwanza au kwenda kwingine yawe yamehesabiwa kabla hujaondoka, na maamuzi yafanywe ukiwa chini. Andika kwenye karatasi: "nisipoiona njia nikiwa futi kadhaa, naghairi, naenda mahali fulani." Ukiwa juu, abiria wanaangalia saa zao, huwezi kupatana na nafsi yako vizuri.

#40 MpembaAsili
Kughairi kutua ndiko wanakofeli wengi. Vijana wanaona kama aibu.

#41 MzeeMnara
Mnarani tulikuwa hatuandiki "amefeli". Tulikuwa tunaandika saa tu.

#42 BabaPori
Ngoja niwape ya porini, maana Kijana ataanzia Arusha halafu watamtuma Serengeti. Viwanja vya mbugani havina mnara. Unatangaza mwenyewe redioni, unapita juu mara moja kwa chini uangalie wanyama, ndipo unazunguka kutua. Mara yangu ya kwanza kwenye kijiwanja kimoja nilipita, nyumbu wakakimbia, nikafurahi. Nikazunguka. Nakuja fainali, kitu cha kahawia katikati ya changarawe hakijasogea. Nikadhani jiwe. Jiwe likainua kichwa. Fisi, amelala zake, changarawe ina joto la jua. Nikaongeza nguvu, nikapita juu yake kama futi 30. Hakusimama! Aligeuza shingo tu kunifuata kwa macho, akalaza kichwa tena. Ikabidi dereva wa kambi aende na Land Cruiser kumpigia honi.

Watalii wangu walipiga makofi. Walidhani ni sehemu ya kifurushi.

#43 Kamau_Langata
Huyo fisi alikuwa na raiti za kiwanja kukuliko.

#44 Msemakweli2
Uzi umehamia wanyamapori. Swali: Meru ina mita ngapi? Nauliza kwa ajili ya Kijana.

#45 MhayaHalisi
4,566.

#46 FundiSpana
4,562. Nimekulia Ngaramtoni, mlima wangu huo.

#47 MzeeMnara
Vitabu vimegawanyika, ziko zote mbili. Kijana apite mbali nao, zile mita nne hazitamhusu.

#48 KijanaWaKipawa
Wakuu nimerudi. Nimetua jana.

Niliondoka Dar saa mbili, nikafika saa nne na dakika kumi (mzee na dada wameshinda, BabaPori samahani). KIA niliiona kutoka mbali na nakiri, mkono ulianza kupunguza nguvu wenyewe. Ni nzuri mno ile lami. Nikaangalia kimo, nikakumbuka #29, nikaendelea. Kwa dakika kama kumi sikuiona Kisongo. Niliona mji, barabara, mabati, mashamba. Nikaita mnara nikasema mimi mgeni. Jamaa akanijibu kwa upole, "Fuata barabara ya lami inayotoka mjini kwenda magharibi, mimi nitakuona kabla hujaniona." Na kweli aliniona kwanza.

Fainali ardhi ilikimbia kama dada alivyosema. Nilijigongea mwenyewe kioo cha saa ya kasi. Tk, tk. Niligusa mbali kidogo kuliko nilivyopanga, nikasimama na nafasi imebaki. Nobu nyekundu niliivuta. Fundi akaniuliza, "Umetokea pwani wewe? Mbona injini haikohoi?"

Nilipomaliza kufunga kamba nikaenda kusimama mwisho wa njia nikaangalia urefu wote. Wakuu, 767? Pale? Nimezidi kutoelewa.

#49 DadaMbawa
Hongera mdogo wangu. Umeona sasa, ukiwa juu ulikuwa unataka iwe KIA. Hiyo ndiyo nadharia yangu #21.

#50 BabaPori
Aliangalia kimo akajua siyo. Hiyo ndiyo yangu #22.

#51 Msemakweli2
Mimi bado niko na mafuta kuisha.

#52 FundiSpana
Kijana, uliyekutana naye ni mimi. Kesho njoo na elfu kumi, plagi moja ilikuwa na masizi kidogo sikutaka kukuaibisha mbele ya vijana.